Waya Uliofungwa kwa Tepu

Sista Herieth, muuguzi, aliuokota waya kwenye mihogo nyuma ya zahanati ya Lihuwa, kando ya ziwa, asubuhi ambayo mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulikuwa umeshika kweli kweli. Mkono mmoja ulikuwa bado na glavu. Ndani, kwenye kitanda cha kuzalia, Ephrasia alikuwa akiuma pindo la kanga yake, mtoto amekingama tumboni, na redio ya upepo, ya kuitia hospitali ya Liuli, ilikuwa inakoroma tu. Herieth alikuwa ameita mpaka koo likamkauka. "Liuli, Liuli, hapa Lihuwa, mnanipata?" Hakuna aliyempata. Ndipo alipotoka nje na kuuona mlingoti wa antena umebaki mtupu.

Waya ulikuwa umeachia pale pale palipoungwa. Tepu nyeusi ilikuwa imelegea na kunywa maji, na ndani yake ncha mbili za shaba zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Alipozishika zikamkatikia vidoleni kama njiti za kiberiti zilizolowa.

Hyasinti, mume wa Ephrasia, alivua viatu akaanza kupanda mlingoti ili ashushe kipande kilichobaki juu. Hakufika hata nusu. Upepo uliutikisa mti ule kama mtu anayetaka kuung'oa, na Herieth akamwamuru ashuke.

"Sitaki wagonjwa wawili," alimwambia. "Tafuta wenzako, leteni mtumbwi."

Boti la injini la hospitali lingekuja kama wito ungefika. Siku zote lilikuja. Lakini wito haukufika, kwa hiyo Ephrasia alilazwa kwenye mtumbwi juu ya godoro la zahanati, wanaume wakapiga makasia mawimbi yakiwa yanawarudisha nyuma, na Herieth akapiga magoti kwenye maji yaliyojaa chini, ameinua chupa ya dripu juu ya kichwa mpaka bega likafa ganzi. Walifika Liuli jua limeinama. Madaktari hawakupoteza hata dakika. Ephrasia alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Jioni ile daktari alimkuta Herieth amekaa kwenye benchi la nje, sare yake imelowa.

"Mngetuita asubuhi tungewafuata," alisema kwa upole. Hakuwa akimlaumu.

Lakini neno lile lilimkaa Herieth kifuani na halikutoka. Alirudi nalo Lihuwa. Walipomzika mtoto alikuwa nalo. Alipochemsha sindano, alipopima watoto uzito, alipolala, lilikuwa pale pale. Mngetuita. Na yeye alikuwa ameita.

Alichukua mkasi wa bandeji, akaukata ule muungo wenye tepu, akautia kwenye mfuko wa sare yake.

Mzee Zabron, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alikuja kumwona. Alikuwa mtu wa maneno laini, aliyezoea kumaliza ugomvi wa mipaka ya mashamba kwa kuwakalisha watu kwenye mkeka na kuwapa togwa.

"Mwanangu, tulia. Tutapeleka habari Mbinga. Watamtuma fundi."

"Shikamoo, mzee," alisema Herieth, maana hakuwa amemwamkia. "Fundi alishatumwa. Kazi yake ninayo hapa mfukoni."

"Marahaba. Basi atatumwa tena."

"Hatatumwa. Nitamfuata mimi."

Fundi mwenyewe aliitwa Florian. Zamani, mtambo ulipoharibika, alikuwa akiteremka fundi wa serikali na gari la serikali, amechelewa au hakuchelewa, lakini alikuja na sanduku zima la vifaa. Florian alikuwa mmoja wa mafundi hao, mtu wa Posta na Simu, kijana aliyepelekwa kusomea kazi hiyo Dar es Salaam. Kisha ikaja miaka ya ruksa, ya soko huria na kupunguza watu kazini. Florian alipunguzwa. Akafungua duka lake mjini Mbinga, na kwa kuwa serikali haikuwa tena na fundi, matengenezo ya redio za zahanati za ziwani alipewa yeye kwa mkataba. Alikuja Lihuwa mwezi wa nne, waya ulipokatwa na tawi lililoanguka. Herieth siku hiyo alikuwa kwenye chanjo vijiji vya jirani. Aliporudi aliambiwa fundi ameshakuja na ameshaondoka, na redio inaongea. Ni kweli iliongea. Kisha wiki baada ya wiki sauti za Liuli zikazidi kufifia, kama watu wanaozungumza ndani ya mtungi, na kila alipouliza aliambiwa ni hali ya hewa.

Alipanda lori la Sixbert, dereva aliyekuwa akipeleka usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kule milimani. Alikaa nyuma juu ya magunia amevaa sare yake nyeupe aliyoifua na kuinyoosha kwa makusudi. Lori lilipanda milima ya Umatengo kwa kunguruma na kusimama, kunguruma na kusimama, likipita mashamba ya ngoro yaliyochimbwa kama sega la nyuki kwenye miteremko, na mibuni iliyokuwa ikianza kuiva. Baridi ilimwingia mifupani. Hakujifunika. Alikuwa akiupapasa ule muungo mfukoni na kupanga maneno, na kila alipoyapanga yalivunjika, akayapanga upya.

Duka la Florian lilikuwa karibu na soko. Mwaka ule wa tisini na nne wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia Mbinga, na wakulima walikuwa wakija mjini kununua vitu ambavyo zamani hawakuviona hata kwa macho. Rafu zilijaa redio kaseti zenye spika mbili, betri, tochi za Kichina. Florian alikuwa mtu mnene kidogo, shati safi, kalamu mbili mfukoni.

"Karibu, Sista. Nikuonyeshe redio gani?"

Herieth aliuweka ule muungo juu ya kioo cha kaunta.

"Unaifahamu kazi hii?"

Florian aliutazama, akamtazama yeye, akautazama tena.

"Ah. Ziwani huko. Mwera wenu ule mbaya, Sista. Hakuna waya unaouweza."

"Waya uko mzima. Umeachia ulipouunga wewe."

"Vifaa vya siku hizi navyo..."

"Kuna mama amempoteza mtoto. Niliita Liuli tangu asubuhi, nikawa naongea na ukuta."

Florian alishusha sauti. Alikunja uso kama watu wanavyoukunja msibani.

"Pole sana, Sista. Basi, Mungu amependa."

Herieth alikuwa ameahidi moyoni kwamba hatapaza sauti, na hakuipaza.

"Usimtwike Mungu kazi yako," alisema. "Mungu hakuja Lihuwa na tepu."

"Sikiliza, Sista. Mimi nafanya biashara. Mkataba nimeutimiza, redio niliiacha inaongea, kamati yenu ikaridhika. Hizi si zama za serikali kufanya kila kitu. Kama hamnitaki, soko ni huria, tafuteni mwingine."

"Yuko wapi huyo mwingine?"

Hakukuwa na mwingine, na wote wawili walilijua hilo. Florian aligeuka akaanza kupanga betri zilizokwisha pangwa.

Herieth alivuta stuli iliyokuwa pembeni, akaketi karibu na mlango. Hakuondoka. Mteja wa kwanza kuingia alikuwa mzee wa Kimatengo aliyevaa koti la sufu, anataka redio kaseti. Herieth alisimama akamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Sista."

"Kabla hujanunua, naomba ushike hiki." Akamwekea muungo kiganjani. "Huyu fundi aliunga hivi waya wa redio ya zahanati yetu. Shaba tupu imesokotwa na kufunikwa tepu, nje, kwenye mvua na upepo. Ukaachia mama akiwa kitandani, mtoto amekingama. Mtoto tumemzika."

Mzee aliugeuzageuza, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukijani ukamshika kwenye ngozi.

"Na hii ninayotaka kununua," alimuuliza Florian taratibu, "ndani umeiunga namna hii?"

"Hiyo imetoka kiwandani, mzee."

"Nitarudi siku nyingine."

Akaja mwalimu anayetaka betri, akashikishwa. Wakaja mtu na mkewe, wakashikishwa. Herieth hakuongeza neno wala hakupunguza. Alisema yale yale kwa sauti ile ile, kama anavyowaeleza akina mama namna ya kumpa mtoto dawa. Vijana wa sokoni wakaanza kujaa mlangoni. Florian alijaribu kucheka nao, hawakucheka. Mwishowe akatoka nyuma ya kaunta, akawasukuma nje na kuufunga mlango.

"Unaniharibia biashara," alisema. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa.

"Ndiyo. Nimekuja kuiharibu."

"Unataka nini?"

"Teremka nami. Na safari hii chukua kila ulichokiacha nyumbani mara ile."

Waliteremka na lori lile lile. Sixbert aliwaweka wote wawili mbele, kwa heshima, na akajuta, kwa sababu safari nzima hakuna aliyesema kitu. Florian alipakata sanduku la mbao. Alikuwa na hasira zake mwenyewe. Alipumua kwa pua kila lori liliporuka shimo, kana kwamba hata mashimo yalichimbwa na Herieth. Walilala Mbamba Bay, kila mtu kwa wenyeji wake, na kesho yake wakafika Lihuwa jua likiwa bado la asubuhi.

Habari zilikuwa zimetangulia. Hyasinti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya zahanati, na watu wa kamati walikuwa wamesimama kivulini. Herieth alileta jiko la mkaa mwenyewe, maana umeme haukuwapo.

Florian alifungua sanduku. Alitoa chuma cha kulehemu, kile cha zamani chenye kichwa kizito cha shaba, akakichomeka kwenye makaa. Kisha akaketi kwenye mkeka na waya mapajani, na akaanza kazi. Ikawa kama amekaa mtu mwingine pale. Hakuwa tena mwenye duka. Vidole vilikuwa vyepesi na havikubahatisha.

Alikata shaba yote iliyooza mpaka akafika kwenye nyekundu. Akazisugua ncha kwa msasa, pande zote, zikang'aa.

"Kwa nini unasugua hivyo?" aliuliza Herieth. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, karibu sana.

"Lehemu haishiki uchafu," alijibu bila kumtazama. "Hata jasho la mkono ni uchafu."

Akazipishanisha ncha mbili, akazungusha hii juu ya mwenzake kwa plaizi, mizunguko imebanana kama uzi kwenye kigurudumu, kisha akaenda upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Akauvuta. Haukusogea.

"Hapa kwanza waya wenyewe ushikane," alisema. "Lehemu si ya kubeba uzito. Lehemu ni ya kuziba, maji yasiingie, na sauti ipite."

Akapaka utomvu mkavu wa msonobari ili lehemu ishike. Akatoa chuma kwenye makaa, akakifuta kwa kitambaa kibichi kikalia tss, akakiweka chini ya muungo na kungoja. Uzi wa lehemu aliugusisha kwenye waya, si kwenye chuma. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu lehemu ikayeyuka ghafla, ikakimbia ndani ya mizunguko yote kama maji yanayoingia mchangani, na kipande kizima kikang'aa kama fedha.

"Asiniguse mtu," alisema Florian, ameshikilia pumzi. "Ukitikiswa kabla haujaganda, unakufa ndani. Kwa nje utadhani mzima."

Muungo uliganda. Alipaka rangi ya mafuta, akangoja, akaviringisha tepu juu yake, na mwisho akapaka lami iliyoyeyushwa kwenye kopo. Kisha akaunyoosha waya.

"Tayari."

Herieth aliutazama. Kwenye jiko la jirani, sufuria ya maharage iliyobandikwa walipoanza ilikuwa haijaanza hata kuchemka vizuri.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari."

"Ni hivi tu?"

Florian alianza kukusanya vifaa vyake. Na hapo ndipo hasira ya Herieth, ambayo safari yote aliibeba kama mtu anavyobeba maji kichwani, ilipomwagika. Alikuwa ametegemea kitu kigumu. Alikuwa ametegemea mtambo, kemikali, kazi ya siku nzima, kitu ambacho mtu angeweza kushindwa kukifanya, nawe ukamwelewa. Aliunyakua waya, akaufunga kwenye nguzo ya baraza, akajining'iniza kwa uzito wake wote, miguu imekunjwa, akiruka na kujivuta kama mtoto mwenye kiburi mbele ya wazee wa kamati. Muungo haukusogea hata kidogo. Alipoachia, viganja vyake vilikuwa na michirizi ya damu, na alikuwa analia. Watu walitazama pembeni.

Hyasinti aliinuka kwenye ngazi, akachukua waya, akaupandisha mlingotini mwenyewe. Siku hiyo upepo ulikuwa wa kuvumilika.

Mzee Zabron, kwa kuwa ndivyo alivyoijua kazi yake, alikuwa ameandaa chakula. Ugali wa muhogo ulikuwa tayari, na samaki mbasa wa kuchoma. Alisimama mbele ya mkeka akasafisha koo.

"Ndugu zangu, fundi wetu ametoka mbali. Kazi ameifanya, na sote tumeiona ni kazi safi. Yaliyopita tuyaache yapite. Kwa niaba ya kamati napenda kumshukuru..."

"Mzee, naomba usimshukuru," alisema Herieth.

"Mwanangu, ni mgeni."

"Ni mgeni, na chakula atakula. Lakini asishukuriwe hapa. Mimi sitaweza kukaa nisikie."

Zabron alibaki amesimama na shukrani zake mdomoni. Ndipo Ephrasia alipotokea upande wa jikoni. Alikuwa ametoka hospitali siku si nyingi na alitembea akiwa ameshika ubavu. Hakuna aliyemtuma, alikuwa amechukua birika na beseni, akaja kuwanawisha watu mikono kama mwanamke yeyote wa kijiji kile angefanya. Alianza na mgeni.

Florian alikinga mikono. Maji yalipita juu ya vidole vyake vyenye masizi.

"Asante, mama."

"Wewe ndiye fundi wa mara ile?" aliuliza Ephrasia.

Florian aliinua macho. Aliiona kanga iliyofungwa tumboni kwa kukazwa, na maziwa yaliyoloweka gauni kifuani, maziwa yasiyo na mnyonyaji. Hakuhitaji kuambiwa.

"Ndiye mimi."

"Mara ile ulijua kwamba utaachia?"

Sauti yake haikuwa na ukali wowote. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua njia. Florian angeweza kusema mengi, na mengine yangekuwa kweli: kwamba waya wa siku hizi ni mwembamba, kwamba Posta ilimtupa baada ya miaka yote ile, kwamba mkataba haukumpa usafiri. Birika lilikuwa limekwisha kuacha kumimina na mikono yake bado ilikuwa imekingwa.

"Nilijua," alisema. "Chuma nilikuwa nimekiacha dukani, na lori lilikuwa linaondoka. Nilijiambia nitarudi kabla ya mwera."

"Hukurudi."

"Sikurudi."

Ephrasia alitikisa kichwa mara moja, akasogea kwa mtu aliyefuata. Alinawisha kila mtu, hakumruka yeyote, kisha akarudi jikoni. Hyasinti alinyanyuka akamfuata bila kula. Waliobaki walikula. Florian naye alikula, kwa sababu kukataa kungekuwa kuwatukana.

Lori liliporudi kumchukua, Herieth alikuwa amesimama karibu na sanduku la mbao.

"Chuma cha kulehemu kinabaki," alisema. "Na lehemu, na utomvu."

"Ndivyo vyangu vya kazi, Sista."

"Najua."

Florian alivitoa akaviweka kwenye ngazi. Akanyoosha mkono wa kuagana. Herieth aliutazama mkono ule ulioweza kufanya kazi nzuri namna ile, na hakuushika. Lori liliondoka.

"Umemwaibisha mtu mzima," Mzee Zabron alimwambia.

"Ndiyo, mzee."

"Na bado una hasira."

"Ninayo."

Herieth alijifunza kulehemu mwenyewe, mchana wakati wagonjwa wamepungua, kwa vipande vya waya vilivyobaki. Miungo yake ya mwanzo ilikuwa ya kijivu na yenye chembechembe, na alipoivuta iliachia. Aliitupa akaanza upya. Hyasinti alikuja siku moja akakaa karibu naye, akaomba kuonyeshwa, na mkono wake wa kusuka nyavu ukawa mwepesi kuliko wa Herieth. Mwera ulivuma mpaka mwezi wa tisa, ukaezua paa la shule na kuangusha mipapai. Waya ulibaki juu.

Florian hakurudi tena Lihuwa. Sixbert alisema duka bado liko wazi na kwamba siku hizi, akiitwa na zahanati yoyote, huchukua lile sanduku, na chuma kipya ndani yake. Herieth aliposikia alisema vema, akaendelea kukunja bandeji. Sixbert alingoja aseme jingine, labda neno la kumpelekea. Herieth alichukua bandeji nyingine.

Siku ile Florian alipoondoka, lori lilipokwisha kupotea na watu kutawanyika, Herieth alikuwa ameingia ndani, akawasha redio na kuita. Liuli walijibu papo hapo, sauti karibu kabisa, kama mtu aliyesimama mlangoni.

"Lihuwa, tunakupata vizuri. Karibu. Mna mgonjwa?"

Herieth alibonyeza kitufe ili ajibu, akakiachia. Kule Liuli walimwita tena, na tena.

"Hapana," alisema mwishowe. "Leo hatuna mgonjwa."